Ninajua “photosynthesis” lakini sijui bomba linavuja husemwaje

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza nilipata C. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi mapokezi kwenye loji ndogo hapa Karatu. Wageni wakiuliza habari za Ngorongoro najibu vizuri kwa sababu nimeshazoea. Shida ni pale mgeni anapokuja kulalamika mambo ya bafuni au kuomba kitu cha chumbani, maneno yananipotea kabisa. Juzi mmoja alikuja kusema bomba linavuja, sikumwelewa, ikabidi anipeleke chumbani anionyeshe kwa kidole. Nimeanza kukariri kamusi, nimefika herufi C, na daftari langu lina maneno zaidi ya mia nne, lakini yakihitajika hayaji. Nikariri maneno mangapi kwa siku? Na kuna kozi ya miezi mitatu Arusha mjini, nilipe?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kamusi ifunge leo. Imepangwa kwa alfabeti ili mtu alipate neno haraka, na mpangilio huo haujali kama neno utalihitaji kesho au hutalihitaji maisha yako yote. Ndiyo maana umeshapita kwenye “abbot”, mkuu wa watawa, ambaye sidhani kama ameshawahi kulala hapo kwenu, na “tap” iko mbali huko kwenye T. Kwa mwendo huo bomba litavuja sana.

Tatizo lako lina asili yake, wala si uzito wa kichwa. Wewe, kama wengi waliosoma shule za serikali Tanzania, ulisoma msingi kwa Kiswahili, ukaingia kidato cha kwanza Kiingereza kikakujia kupitia Biolojia, Jiografia na Historia. Kiingereza chako ni cha daftari. Unajua “photosynthesis”, unajua “soil erosion”, na ukiulizwa sababu za ukoloni unazitaja tano pamoja na maelezo yake. Lakini ndoo, fagio, mfuniko, shuka, foronya na bomba viliachiwa nyumbani, na nyumbani ni Kiswahili au lugha ya bibi. Hata siku ya usafi shuleni mliamrishwa kwa Kiswahili, ingawa mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa na lile bango la “No English, No Service”. Nimefundisha manesi, wahasibu, hata mwalimu wa Fizikia, wote wana pengo hilihili: anaweza kueleza “friction” ukurasa mzima, ila mwambie aombe kijiko cha ziada mezani uone anavyotoa macho.

Uzuri wa pengo la namna hii ni kwamba lina mipaka. Sarufi unayo, vitenzi vya kawaida unavyo. Kinachokosekana ni vyumba kadhaa vya nyumba ambavyo hujawahi kuviingia kwa Kiingereza.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana umeuliza. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 aliyoona yanamtosha mwanafunzi kuanzia. Mwaka 2013 ikatoka orodha mpya ya aina hiyo yenye maneno kama 2,800, na walioitayarisha walionyesha kwamba hayo peke yake yanabeba takriban asilimia 90 ya matini za kawaida za Kiingereza. Halafu yupo mtafiti wa msamiati, Paul Nation wa New Zealand, ambaye mwaka 2006 alikadiria kwamba anayetaka kusoma riwaya na magazeti bila msaada anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, na wa kufuatilia mazungumzo na filamu 6,000 hadi 7,000. Familia hapa ni neno na watoto wake, kama “clean”, “cleaner” na “cleaning”.

Tarakimu za Nation zisikunyime usingizi, hizo ni za mtu anayetaka kusoma riwaya na kufuatilia filamu bila msaada. Na ile orodha fupi, mwenye C ya kidato cha nne ameshakutana na sehemu kubwa yake. Ila orodha zote hizi zina kasoro moja kwa mtu wa kazi yako. Zinatokana na kuhesabu maneno kwenye matini zilizokusanywa kwingine, na huko mambo ya bafuni hayatajwi mara nyingi. Pia huchakaa. Ile ya West haina kompyuta, wakati mgeni wako wa leo, kabla hajaweka begi chini, ameshauliza nenosiri la waifai.

Kwa hiyo orodha yako itoke kwenye zamu yako. Wiki hii tembea na kijidaftari kinachoingia mfukoni. Kila unapokwama, andika kwa Kiswahili kile ulichotaka kusema, na uandike sentensi nzima kama ilivyokuwa kichwani: “Maji ya moto huchukua kama dakika tano kufika.” “Umeme umekatika, tunawasha jenereta sasa hivi.” “Ufunguo ameondoka nao dereva.” Ukisikia mgeni amesema kitu hukukielewa, kiandike ulivyokisikia, hata kwa tahajia ya Kiswahili, “fosit”, “autleti”, vyovyote. Jioni ndipo utafute Kiingereza chake kwenye simu, au umuulize meneja, au dereva wa watalii. Hawa madereva wengi ni hazina isiyotumika; amezunguka na wageni kwenye Land Cruiser miaka nenda rudi, anajua wanavyoita kila kitu kuanzia kibanio cha nguo hadi dawa ya kuharisha. Mwisho wa wiki utakuwa na sentensi thelathini au arobaini ambazo hakuna kitabu kingeweza kukupa, kwa sababu mtunzi wake hajawahi kusimama kwenye kaunta yenu.

Nasema sentensi, na hapa sitaki unielewe nusu. Daftari lako la maneno mia nne nalifahamu bila kuliona: upande wa kushoto Kiingereza, mstari katikati, kulia Kiswahili. “Tap” ni bomba. Sawa, halafu? Mgeni amesimama mbele yako, unalo “bomba” mkononi, utalifanyia nini?

Chukua hilihili bomba la juzi. Mgeni alisema, nina hakika kwa kiasi kikubwa, “The tap is leaking.” Wewe jibu lako lilitakiwa kuwa “I'm sorry about that. I'll send someone to fix it.” Mazungumzo yote ni mistari miwili. Sasa ikae vizuri kichwani, kisha uanze kuichokonoa. Mbali na bomba, kinachoweza kuvuja ni nini? “The roof is leaking”, paa. “The toilet is leaking”, choo. “The bottle is leaking”, chupa imelowesha begi. Na badala ya “someone”, unamtuma nani? “I'll send the plumber”, fundi bomba, na ile “b” haitamkwi, ni kama “plama”. Badala ya “fix it”, huyo mtu atakwenda kufanya nini? “To change the bulb”, “to clean the room”, “to check the shower”. Umeshika mistari miwili, umetoka na kumi, na kila neno jipya limeingia likiwa na kazi ya kufanya. Neno “leak” likirudi tena siku nyingine kwenye habari ya gesi au ya mtungi, halitakuwa geni.

Hili la maneno kuja na wenzake lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga deki, na hakuna anayepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikariri kwamba “piga” ni kumchapa mtu, ataishi kwa mshangao. Kiingereza nacho kina akina “piga” wake, na ni vitenzi vifupi vifupi ambavyo shuleni tulivipita haraka tukikimbilia maneno marefu ya insha: “get”, “take”, “put”, “make”, “give”, “turn”, “run”. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake kilichopunguzwa hadi maneno 850, na ndani yake vitenzi vilikuwa 18 tu, wengi wao hawahawa akina “get”, “put” na “take”. Mradi wake haukufika alikotaka, lakini alikuwa ameona kitu cha kweli kuhusu lugha hii.

Angalia siku yako ilivyojaa hivyo vitenzi. Kutandika kitanda ni “make the bed”, na ukitafsiri “make” kwa kutengeneza utampa kazi seremala. Kuoga ni “take a shower”. Kuwasha taa ni “turn on the light”, kuizima ni “turn off”. Kujaza fomu ni “fill in the form”, Mmarekani husema “fill out”. Kumpitia mgeni uwanja wa ndege ni “pick up”, kumshusha ni “drop off”. Na maji yakiisha kwenye tangi, “We've run out of water.” Hapa hakuna anayekimbia. Ukivikariri vitenzi hivi kimoja kimoja vikiwa vimesimama peke yake hutapata chochote, maana “run” ukiwa umeandika ni kukimbia, ya maji utaikosa.

Kuna pia mitego ambayo sisi Waswahili tunaitegewa na lugha yetu wenyewe, na vitabu vilivyotungwa London haviwezi kuijua. Mkubwa kuliko yote kwa mtu wa mapokezi ni saa. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri, tofauti ni saa sita. Safari ya kushuka kreta huanza saa kumi na mbili asubuhi, na kwa Kiingereza ni “six”. Ukimwambia mgeni “twelve” kwa sababu kichwani una kumi na mbili, dereva atakuwa getini injini inaunguruma na mgeni wako anakoroma. Ukiwa na saa ya ukutani ya mishale hapo mapokezi, mazoezi ni rahisi: taja saa kwa Kiswahili, kisha soma kwa Kiingereza namba unayoionyeshwa na mshale mfupi. Fanya hivyo kila unapoinua macho, bila mgeni yeyote kuwepo, mpaka isiwe hesabu tena. Na hata ukishazoea, saa ya kuamshwa mwandikie kwa tarakimu, 05:30, umwonyeshe.

Mtego wa pili ni maneno tuliyoyachukua kwao tukayafanya yetu. Sisi tukisema gesti tuna maana ya nyumba ya kulala wageni, kwao “guest” ni mgeni mwenyewe, kwa hiyo “I work in a guest” ni sentensi ya kutisha kidogo. Chipsi zetu ni “chips” kwa Mwingereza, lakini Mmarekani akisikia “chips” anatarajia zile kavu za pakiti, za kwetu yeye anaziita “fries”. Supu ya asubuhi yenye vipande vya mbuzi na ndimu pembeni si kile anachokiwaza anaposoma “soup” kwenye menyu. Hapo mweleze: “It's a clear broth with goat meat.” Wengi wataagiza, na wengine watarudia.

Halafu kuna maneno yetu ya adabu ambayo tukiyavusha yalivyo yanageuka. “Karibu” moja ya kwetu kwao ni vitu vinne: anapofika, “Welcome”, anapobisha hodi ofisini, “Come in”, unapomwonyesha kiti, “Please have a seat”, anapokushukuru, “You're welcome”. “Bado” ukiulizwa kama dereva ameshafika ni “Not yet”. Na “Naomba pasipoti yako”, ambayo kwa Kiswahili ni maneno ya upole kabisa, watu huigeuza “Give me your passport”, ikatoka kama amri ya polisi wa barabarani. Sema “May I have your passport, please?” Nimeona wafanyakazi wenye roho nzuri wakiandikwa na wageni kuwa ni wakali, na ukali wao wote ulikuwa ni kukosa hilo “may I have”.

Turudi kwenye kulalamika kwako kwamba maneno yapo daftarini lakini yakihitajika hayaji. Naamini unachofanya jioni ni kufungua daftari na kulisoma, ukifika mwisho unajisikia unayajua. Hiyo hisia inadanganya. Unayatambua, jambo ambalo ni tofauti na kuyatoa. Watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, baadhi wakarudia kuvisoma, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walioongoza ni wale waliojilazimisha kukumbuka. Na mgeni wako hakuulizi baada ya dakika tano.

Kwa hiyo geuza mazoezi. Nunua karatasi za manila, zikate ziwe kadi ndogo. Mbele andika sentensi yako ya Kiswahili, nyuma Kiingereza chake. Unasoma Kiswahili, unasema Kiingereza kwa sauti, kisha ndipo unageuza kadi. Kusema kwanza ni lazima, hata ukikosea, hata ukitoa nusu. Wanaogeuza kadi haraka “kuhakikisha” wanarudi kulekule kwa daftari. Kadi hizo ziweke kwenye boksi la viatu ulilolitenga sehemu tano. Utaratibu huu aliueneza mwandishi Sebastian Leitner huko Ujerumani mwaka 1972 na hadi leo programu nyingi za simu zinauiga. Kadi mpya hukaa sehemu ya kwanza, unaipitia kila siku. Ukiipata, inasogea ya pili, ambayo unaipitia kila baada ya siku mbili. Ukiipata tena inakwenda ya tatu, kila siku nne. Ya nne kila wiki. Ya tano kila wiki mbili. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya tano, inarudi ya kwanza bila huruma. Hivyo muda wako unakwenda kwa zile zinazokusumbua, na zile unazozijua huzichoshi. Kama simu yako ina nafasi, programu iitwayo Anki inafanya kazi hiyohiyo bure kwenye Android na haihitaji bando ukishaipakua. Mimi binafsi napendelea boksi kwa anayeanza, kwa sababu simu ukiifungua usome kadi unajikuta uko kwenye stetasi za watu.

Angalizo moja ambalo linakwenda kinyume na chati za ukutani tulizozoea. Usijifunze kwa mkupuo mmoja maneno yanayofanana kundi. Zile chati za “vyombo vya jikoni” zenye kijiko, uma, kisu, sahani na bakuli zinapendeza macho, lakini Thomas Tinkham mwaka 1993, na Rob Waring kwa wanafunzi wa Kijapani mwaka 1997, walionyesha kwamba maneno ya kundi moja yakifundishwa pamoja yanachukua muda mrefu zaidi kushikika, kwa sababu yanagombania nafasi. Kwa sisi mfano mchungu ni “borrow” na “lend”. Kiswahili chetu cha kila siku kinasema kuazima kwa pande zote mbili, kwa hiyo mwalimu akiyaleta yote mawili siku moja, mwanafunzi atayachanganya mpaka astaafu. Shika moja: “Can I borrow an umbrella?” Ikae kabisa, mgeni akuombe mwavuli na wewe umwelewe bila kufikiri. Baada ya wiki tatu ndipo umlete mwenzake: “We can lend you one.” Vivyo hivyo “push” na “pull”, “left” na “right”. Lakini maneno ya tukio moja, kwa mfano mwavuli, mvua, kulowa, taulo, hayo yaende pamoja, hayafanani, yanasaidiana.

Idadi basi. Kadi tano kwa siku, siku sita za wiki. Hizo ni thelathini kwa wiki, na miezi sita ni zaidi ya mia saba. Toa zitakazokutoroka, bado unabaki na za kutosha kuendesha mapokezi, jiko na vyumba vya loji yoyote ya Kaskazini. Ukiona matangazo ya “maneno 1,000 kwa wiki moja” kwenye magrupu ya WhatsApp, lile faili lipakue ukipenda, litakaa kimya kwenye simu kama mengine yote uliyopakua.

Matamshi nitayapitia kwa kifupi, ila yana hatari zake. Kiswahili kina vokali tano na kila herufi inasomwa ilivyoandikwa. Kiingereza hakina huruma hiyo. “Receipt” haina “p” mdomoni. “Iron”, pasi, ni “ayan”. “Vegetables” ina silabi chache kuliko macho yanavyokwambia. Na mtu wa hotelini lazima ajue kwamba “sheet”, shuka, vokali yake ni ndefu, ivute. Ukiifupisha utakuwa umemtukania mgeni kitanda chake. Kamusi za bure za simuni zina kitufe cha spika, kibonyeze kabla hujaandika kadi, urudie mara kadhaa, ndipo uandike. Ukijifunza neno kwa macho tu, utalisema vibaya, na baya zaidi hutalisikia likisemwa vizuri.

Kuhusu Uingereza na Marekani, chagua moja la kusema na uzoee yote mawili kwa kusikia. Sema “tap” na ujue kwamba “faucet” ni lilelile. Soketi ya umeme ni “socket” kwa mmoja na “outlet” kwa mwingine. “Torch” ya Mwingereza ni tochi, Mmarekani huiita “flashlight”. Ankara ya chakula ni “bill” au “check”. Na mtu mzima wa Marekani akikuuliza “restroom” iko wapi, usimwonyeshe makochi ya kupumzikia. Anataka choo, na pengine hana muda.

Sasa yule mgeni aliyekupeleka chumbani kwake. Alikuwa amekuletea somo la bure na ukaliacha lipite. Akishanyosha kidole kwenye bomba, hapohapo unauliza, “What do you call this in English?” Hakuna mgeni anayekasirikia swali hilo. Wengi hufurahi, na neno ulilopewa ukiwa umesimama mbele ya kitu chenyewe, maji yakidondoka, ni gumu kusahau. Ongeza na sentensi ya pili, ya kukuokoa pale neno lisipokuja na kitu hakipo karibu: “the thing you use to...” Hujui kizibuo kinaitwaje? “The thing you use to open bottles.” Hujui foronya? “The cover for the pillow.” Mgeni ataelewa, na mara nyingi atakurudishia neno lenyewe: “Ah, a pillowcase!” Chukua, andika, kadi ya jioni imepatikana. Wazungumzaji wazuri wa lugha ya pili ninaowajua hawana maneno mengi kupita wengine. Wamezoea kuzunguka shimo bila kusimama.

Na uwe na mtu wa kuongea naye. Mshirikishe mwenzako mmoja wa zamu, wa usafi au wa jikoni, mkubaliane nusu saa baada ya wageni kwenda mbugani: yeye ni mgeni mwenye malalamiko, wewe mapokezi, kisha mnabadilishana. Mwambie awe mgeni msumbufu, yule anayelalamika kuhusu mto, mbu, kelele za mbwa na mayai. Watakaowacheka kwamba mnajifanya wazungu watakuwepo. Waacheni, wengi wao wiki ya tatu wanauliza kama wanaweza kukaa. Kwa kusikiliza, BBC Learning English wana vipindi vifupi vya bure vya mazungumzo ya kawaida. Kimoja ukikisikiliza siku nne mfululizo kinakufaa kuliko vinne tofauti.

Limebaki la kozi. Siwezi kukwambia ni nzuri au mbaya bila kuiona, lakini kabla ya kulipa omba kukaa kwenye kipindi kimoja cha majaribio, na wakikataa umeshapata jibu. Ukiruhusiwa, kaa nyuma na uangalie mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wanaongea muda gani? Kama mwalimu anaongea dakika hamsini kati ya sitini na wengine wananakili ubaoni, hiyo ni kidato cha tatu tena, unayo tayari. Pili, mwonyeshe mwalimu kijidaftari chako cha sentensi za Karatu na umuulize kama unaweza kuja nacho darasani. Akikivutia upande wake na kuanza kukisoma, lipa. Akisema mtafuata kitabu, rudi na hela yako, panda gari la mchana uwahi zamu ya jioni.